Kivinjari Kinapojifunga Ghafla

Huenda kivinjari chako cha intaneti kikajifunga chenyewe katikati ya malipo, ilhali jana kilifanya kazi vizuri. Sababu mojawapo ni programu ya kukinga virusi iliyojisasisha kimyakimya.

Baadhi ya programu hizo huingiza sehemu yake ndani ya kivinjari ili kukagua kurasa unazofungua. Zinapojisasisha, faili mpya huwekwa kwenye diski, lakini sehemu ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu yaweza kuendelea kutumika hadi kompyuta iwashwe upya. Sehemu hizo mbili zisipopatana, kivinjari hujifunga.

Tunakushauri uhifadhi kazi yako, kisha uchague “Restart”. Kuzima na kuwasha pekee huenda kusitoshe, kwani Windows 10 na 11 zaweza kuhifadhi sehemu ya hali ya mfumo na kuirejesha kompyuta inapowashwa. Kabla ya kulipa tena, hakiki taarifa ya akaunti yako, usije ukalipa mara mbili.

Usiondoe kinga wala kuzuia masasisho kwa sababu ya usumbufu huu. Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu katika Windows. Mei mwaka huohuo, WannaCry ilitumia udhaifu huo kufunga faili katika kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza.

Tatizo likiendelea, sasisha kivinjari, kisha uwasiliane na aliyekuuzia programu ya kinga.