Zege la Mkonge: Linafaa Wapi, Halifai Wapi

Bonde la Jangwani hulowa Mto Msimbazi unapofurika, kisha hukauka. Hali hiyo ndiyo itakayoamua kama zege lenye mkonge litadumu, hivyo kamati inayofikiria vigae au mifuniko ya mitaro ya aina hii iifahamu kabla ya kupitisha fedha.

Zege ni imara likigandamizwa, dhaifu likipindwa. Singa fupi za mkonge zikichanganywa ndani yake huzuia ufa usifunguke. Kwa vigae vyembamba kinatosha kiasi kidogo tu, tena zile singa fupi zinazobaki kama taka viwandani.

Mafundi wa dari za jipsamu hutumia katani hiyo hiyo bila shida. Saruji ni jambo jingine. Ndani ya zege mna chokaa kali, na maji yanayoingia na kutoka huifikisha kwenye singa, ikala gundi yake ya asili. Mtafiti Hans-Erik Gram wa Sweden alionyesha hayo mwaka 1983. Singa hubaki mahali pake, lakini hukatika kama nyasi kavu. Kigae kinachopendeza siku ya makabidhiano chaweza kuwa dhaifu baada ya masika machache.

Dawa yake ni taka nyingine. Gram aliweka vumbi la silika, linalotoka viwanda vya kuyeyusha silikoni, badala ya karibu nusu ya saruji. Vumbi hilo huitumia chokaa na kuimaliza. Kwetu kilicho karibu ni majivu ya pumba za mpunga, ila si majivu yoyote. Moto ukizidi sana nyuzi 700, silika hugeuka fuwele na nguvu yake hupungua. Lazima pia yasagwe. Majivu ya tanuri la tofali tusiyapokee bila kupimwa.

Singa hazichukui nafasi ya nondo. Kariakoo bado inakumbuka ghorofa lililoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Chanzo hakikuwa mkonge, lakini nguzo, boriti na sakafu za ghorofa si mahali pa kufanyia majaribio. Mifuniko inayopitiwa na magari nayo iwe na nondo.

Kamati itakayojaribu itengeneze kwanza vipande vyenye majivu na visivyo na majivu, vilowekwe na kukaushwa mara nyingi, ndipo vipindwe hadi vivunjike. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti inayopelekwa kwa wafadhili, isiachwe mfukoni mwa fundi.