Majani Yakifa kwa Vipande, Uangalie Udongo Kwanza

Kila Novemba mvua ikianza, tunaona mbele ya nyumba gazoni imekufa kwa vipande, na wengi wanakimbia kupanda upya. Ngoja kwanza. Kwa nini pamekufa?

Kama ni njia ya batoto, udongo umekazana tu. Kama ni chini ya mwembe, usijisumbue: majani yetu ya kutambaa yanataka jua. Lakini pahali pasipoota hata magugu katikati ya mvua, hapo kuna neno.

Lubumbashi wanalijua. Tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wake kaskazini-magharibi, mpaka udongo wa Penga-Penga ukabaki uchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu aina tatu za majani kwenye udongo wenye shaba nyingi, pamoja na chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Matokeo yalichapwa mwaka 2010. Haya ya kutambaa yalikuwamo.

Wewe mama, usifikiri ni uzuri tu. Vumbi la udongo uchi linaingia mikononi mwa batoto, kisha kinywani. Kule Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba, uchunguzi uliochapwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakaaji, na batoto walizidi wakubwa.

Basi, kazi yenyewe. Lima kina cha kiganja, changanya samadi ya zamani na konzi moja au mbili za chokaa kwa kila mita ya mraba. Mchanga wa mgodi usilete, hata wakikupa bure! Kata nyuzi za majani pahali yanapostawi, kila moja iwe na vifundo vitatu. Zika viwili, ncha ibaki juu, uache nafasi ya kiganja kimoja. Kanyaga kidogo ili udongo ushike. Mvua ikikosa, mwagilia asubuhi. Vijana, mupira mchezee kwingine miezi miwili.

Panda mbele ya Februari, maana mvua ikiisha Aprili mizizi iwe imeshuka. Na kama bado panakauka, leta udongo safi wa mbali, funika pale juu, halafu panda tena. Sombe na lengalenga usipande hapo.