Kator, Juba: Namna ya kujieleza pale msikilizaji asipokuwa na lugha yako

Katika mahakama ya kimila ya Kator, mjini Juba, kesi nyingi huendeshwa bila wakili. Anayedai husimama akaeleza dai lake, anayedaiwa akajibu, mashahidi wakaitwa, kisha machifu wakauliza maswali na kutoa uamuzi. Mahari yenye utata, deni la sokoni, mume aliyetelekeza watoto: mambo haya hupimwa zaidi kwa maneno ya wahusika wenyewe kuliko kwa karatasi. Mwenye haki asiyeweza kuieleza haki yake huweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mahakama za aina hii zilitambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009. Wanaofika hapo ni watu wa makabila mengi, na lugha inayowakutanisha ni Kiarabu cha Juba. Katiba ya Mpito ya 2011 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi ya nchi na kuzitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Lakini mtaani, sokoni na mbele ya machifu, Kiarabu cha Juba ndicho kinachotawala. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili huweza kujikuta hodari wa maneno nyumbani na bubu barazani.

Wasemaji hao si wachache, wala si wageni watupu. Wapo wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na Kongo wenye vibanda katika soko la Konyo Konyo. Wapo pia Wasudani Kusini waliokulia katika kambi ya Kakuma, Kenya, na wazee waliokimbilia Kongo na Uganda wakati wa vita vya kwanza, vilivyomalizika kwa Mkataba wa Addis Ababa mwaka 1972. Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kilipata sababu mpya ya kusikika Juba. Hata hivyo, kusikika si sawa na kueleweka.

Habari njema ni kwamba Kiarabu cha Juba si lugha ya mbali. Kilizaliwa katika kambi za kijeshi za karne ya 19, pale askari na watumishi wa makabila mbalimbali walipolazimika kuelewana kwa Kiarabu kilichopunguzwa minyambuliko yake. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari waliosalia wa Emin Pasha na kuwaingiza Uganda. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, na Kinubi chao ni ndugu wa damu wa Kiarabu cha Juba. Mkazi wa Nairobi aliyekulia jirani na Wanubi wa Kibera huanza safari akiwa amefika nusu ya njia.

Hata asiyejua Kinubi anacho kitu mkononi, nacho ni hesabu. Sita, saba na tisa za Kiswahili zimetoka katika Kiarabu, na hivyo hivyo ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia na elfu. Katika mji ambao bei za pauni hutajwa kwa maelfu, hayo si mambo madogo. Msemaji wa Kiswahili akitamka tarakimu polepole, mwenzake wa Kator ataidaka mingi bila mkalimani. Kwa hiyo katika maelezo yoyote ya deni au malipo, ni busara kuanza na kiasi, kukitaja mara mbili, kisha ndipo kisa kifuate. Wengi hufanya kinyume: husimulia kwanza safari nzima ya urafiki ulivyoharibika, na kiasi kinapotajwa msikilizaji amekwisha kuchoka.

Lakini ujirani huohuo una mitego yake. Neno “ana” la Kiarabu cha Juba maana yake ni mimi; “ita” ni wewe; “sana” ni mwaka; “bara” ni nje. Mtaa wa Juba uitwao Atla Bara, wenye timu ya mpira inayojulikana kwa jina hilo, maana yake kwa maneno ya kawaida ni “toka nje”. Msemaji wa Kiswahili anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja anaweza kuwa anasema juu ya mtu wa tatu, ilhali msikilizaji anasikia anajitaja mwenyewe. Mbele ya machifu, kosa la kutofautisha mimi na yeye linatosha kuligeuza dai likawa kukiri. Njia salama ni kutaja majina ya watu, au kuwaonyesha kwa mkono wazi, badala ya kutegemea viambishi ambavyo msikilizaji hana habari navyo.

Mtego ulio mbaya kuliko yote ni saa, kwa sababu neno ni lilelile. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, anahesabu tangu jua kuchomoza. Mtu wa Juba akitaja saa mbili, anasoma mishale ya saa kama ilivyo, yaani saa nane mchana ya Kiswahili. Aliyeitwa barazani saa mbili anaweza kufika saa sita kabla ya wenzake, au saa sita baada ya kesi kuanza. Juu ya hayo, tangu Februari 1, 2021, Sudan Kusini imerudisha saa zake nyuma kwa saa moja, hivyo Juba hailingani tena na Nairobi wala Kampala. Anayepanga mkutano kwa simu na ndugu walio Kenya hana budi kusema ni saa za wapi na za hesabu ipi. Kutaja kipindi cha siku, kama vile “kabla ya sala ya adhuhuri” au “soko likifunguliwa”, mara nyingi husaidia kuliko tarakimu.

Baada ya msamiati huja mpangilio. Katika mabaraza mengi ya Afrika Mashariki, mzungumzaji hodari huzunguka kwanza: husalimu, hutaja ukoo, hutupia methali moja, ndipo alifikie jambo. Salamu haziruhusiwi kurukwa hata Kator; anayeanza na madai kabla ya kuwaamkia machifu, ambao kwa lugha ya mtaa huitwa masultani, huonekana amefika kugombana. Methali, kwa upande mwingine, haivuki mpaka kirahisi. “Haraka haraka haina baraka” inapendeza kwa mlio wake, na mlio ndio wa kwanza kufa katika tafsiri. Kinachobaki ni kisa chenye mfuatano: nani alifanya nini, siku gani, mbele ya nani, na mzungumzaji anaomba nini. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Watu huweza kusimulia dhuluma kwa nusu saa bila kusema wanataka warudishiwe fedha, waombwe radhi, au waachwe waende zao.

Panapokuwa na mkalimani, sentensi iwe fupi, na mzungumzaji anyamaze kabla mkalimani hajapotea. Macho yaelekezwe kwa anayeamua, si kwa anayetafsiri, kwa kuwa uso wa anayeamua ndio utakaoonyesha kama neno limefika. Si vyema mkalimani awe mtoto wa mlalamikaji au shemeji wa mlalamikiwa, ijapokuwa mjini, pasipo wakalimani wa kulipwa, hilo hutokea. Ikiwa hakuna mwingine, ni afadhali jambo hilo lisemwe wazi tangu mwanzo.

Kator yenyewe ina mifano mikubwa ya usemi wa hadhara, na mingi imetokea ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa. Mwishoni mwa Oktoba 2009, Salva Kiir, wakati huo rais wa serikali ya ndani ya Sudan Kusini, aliwaambia waumini kanisani humo kwamba kura ya umoja ingewafanya raia wa daraja la pili katika nchi yao, na kura ya uhuru ingewafanya watu huru. Uchaguzi, akasema, ni wao. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia siasa hiyo, lakini ujenzi wa hoja ulikuwa rahisi kubebwa: njia mbili, matokeo mawili, na uamuzi uliokabidhiwa msikilizaji. Kila aliyetoka kanisani aliweza kuurudia nyumbani kwa Kibari, Kidinka au Kiarabu bila kupoteza kitu. Januari 16, 2011, siku moja baada ya upigaji kura kufungwa, alisimama tena katika kanisa hilo na kuwataka watu wawasamehe waliowaua ndugu zao vitani. Matokeo yalipotangazwa, asilimia 98.83 walikuwa wamechagua kujitenga.

Februari 4, 2023, Papa Francis alikutana na maaskofu, mapadri na watawa katika kanisa hilohilo. Alizungumza Kiitaliano, lugha isiyokuwa ya wengi waliomsikiliza. Alichowaachia kilikuwa ni picha: Musa akiwa na fimbo mkononi, Musa akinyoosha mikono, Musa akiiinua kuelekea mbinguni. Mkono ni mkono katika kila lugha. Katika Biblia, Musa huyohuyo ndiye aliyelalamika kuwa ulimi wake ni mzito, akapewa ndugu yake Haruni amsemee. Kwa maneno mengine, hata yeye alihitaji mkalimani wa aina yake.

Kuna sababu nyingine ya kuyachukulia haya kwa uzito. Sudan Kusini imeona maneno yakiua. Aprili 2014, wakati wa mapigano ya Bentiu, Umoja wa Mataifa ulishutumu matumizi ya redio ya mji huo kueneza chuki dhidi ya jamii nyingine. Januari 2025, baada ya picha za mauaji ya Wasudani Kusini mjini Wad Madani, Sudan, kusambaa mtandaoni, wafanyabiashara wa Kisudani walishambuliwa Juba na maduka yao kuporwa. Serikali ilifungia mitandao ya kijamii kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo lafudhi peke yake humtambulisha mtu kuwa mgeni, na mgeni anayepandisha sauti katikati ya kundi hujiongezea hatari asiyoihitaji. Desturi moja ya Kiswahili ina faida hapa: kutenganisha “niliona” na “nilisikia”. Anayeleta habari sokoni aulizwe kwa upole alikuwapo au aliambiwa. Swali hilo halimtukani mtu, ila mara nyingi hupunguza kasi ya uvumi.

Ama hofu ya kusimama mbele ya watu, hiyo haina kabila. Moyo hupiga, kinywa hukauka, maneno hukimbia. Anayehisi hivyo husaidika kwa kupumua taratibu kabla ya kuanza, kuijua sentensi ya kwanza kwa moyo, na kutokujaribu kuikariri hotuba nzima, kwa kuwa aliyekariri akikatizwa na swali huanguka moja kwa moja. Kusema polepole kuliko anavyodhani inafaa nako kuna manufaa maradufu Kator, ambako nusu ya wasikilizaji wanatafsiri kimoyomoyo.

Mahali pa kujizoeza hapahitaji kutafutwa mbali. Vikundi vya kuwekeana akiba, ambavyo Juba huitwa sanduk, neno ambalo kila Mswahili analielewa, hukutana kwa zamu, na kila mwanachama hupata siku ya kueleza mbele ya wenzake kwa nini anahitaji fedha, kiasi gani, na atazirudisha lini. Kikundi kinaweza kuweka kanuni ndogo: mwombaji aseme kwa dakika mbili, kisha mwanachama wa kabila jingine arudie alichoelewa, kwa lugha aitakayo. Kiasi na tarehe vikirudi jinsi vilivyotoka, mwombaji anakaa. Visiporudi, anasema tena, kwa maneno mengine.