Uhaba wa wauguzi wodini, uhaba wa ajira mtaani

KABLA ya jua kuchomoza, kituo cha matatu cha Githurai 45 huwa tayari kimefurika wachuuzi wa mboga, utingo na abiria wanaoelekea Nairobi, Ruiru na Thika. Miongoni mwa abiria hao hakosekani kijana aliyebeba bahasha yenye vyeti vya uuguzi, akiwa mbioni kupeleka barua ya kuomba kazi katika hospitali nyingine.

Mtaa huu una kila sababu ya kuwavutia wauguzi waliohitimu karibuni. Uko katika Kaunti ya Kiambu, hatua chache kutoka mpaka wa Nairobi, kando ya barabara kuu ya Thika. Jina lake, kama lile la jirani yake Githurai 44, lilitokana na nambari ya njia ya matatu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, JKUAT iko Juja, nacho Chuo Kikuu cha Mount Kenya na tawi la chuo cha mafunzo ya matibabu cha KMTC viko Thika. Vyote hivyo hufunza uuguzi, na wengi wa wahitimu husalia kwenye barabara hiyo hiyo wakitafuta kazi ya kwanza.

Hapo ndipo wanapokumbana na kitendawili. Katika hospitali nyingi za umma muuguzi mmoja huhudumia wodi nzima usiku, ilhali mwenzake mwenye cheti kama chake amekaa nyumbani miezi ikiyoyoma. Inakuwaje kazi ikose watu na watu wakose kazi?

Jibu ni kwamba upungufu wa wauguzi si sawa na nafasi za ajira. Upungufu huhesabiwa kwa idadi ya wagonjwa, lakini nafasi ya kazi huzaliwa na bajeti ya mishahara. Muuguzi mpya asiyeitambua tofauti hiyo atazunguka na bahasha yake akidhani kasoro ni yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Aliyehitimu katika chuo cha serikali alitarajia kupelekwa moja kwa moja kituoni. Utaratibu huo ulivunjika katika miaka ya 1990, serikali ilipobana ajira katika utumishi wa umma kufuatia masharti ya wakopeshaji wa kimataifa. Tangu wakati huo ajira za wauguzi zimekuwa zikija kwa mawimbi, na aghalabu kwa kandarasi.

Wimbi moja lilikuja mwaka wa 2006 kupitia mpango wa dharura wa kuajiri wahudumu wa afya uliofadhiliwa na wahisani. Jingine lilifuata katika mpango wa kufufua uchumi wa mwaka wa 2009, ambao ulilenga kuajiri wauguzi 20 katika kila eneobunge. Mwaka wa 2020 serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa kandarasi za miaka mitatu chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Wengi wao walikuwa bado wanadai ajira ya kudumu mwaka wa 2025, walipopiga kambi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya, Afya House, jijini Nairobi.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilizipa kaunti jukumu la kuendesha hospitali nyingi za umma, na tangu mwaka wa 2013 ndizo mwajiri mkuu wa wauguzi. Hata hivyo, kanuni za fedha za kaunti za mwaka wa 2015 zinasema kuwa mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kaunti iliyofikia kiwango hicho hupata ugumu kuajiri hata pale wodi zinapolia.

Kwa mkazi wa Githurai 45, basi, mlango wa kwanza ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kiambu, ambayo huajiri kwa niaba ya vituo kama Hospitali ya Thika Level 5 na ile ya Ruiru. Kupeleka barua mkononi kwa msimamizi wa wodi hakumpi mtu kazi ya kudumu, kwa sababu msimamizi huyo hana mamlaka ya kuajiri.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inaitaka bodi itangaze nafasi kwa njia itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo. Kadhalika, inaitaka ihakikishe kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zinawaendea watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo. Kwa mtaa kama Githurai, wenye wakazi kutoka pembe zote za nchi, kifungu hicho si mapambo. Aliyezaliwa Busia au Kitui ana haki ya kutuma maombi Kiambu, sawa na vile wa Kiambu anavyoweza kutuma kwingineko. Anayefuatilia matangazo ya kaunti moja tu kati ya 47 amejifungia milango 46.

Mlango wa pili uko karibu zaidi. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianza kupokea wagonjwa mwaka wa 2019. Hii ni taasisi ya serikali kuu, kwa hivyo huajiri yenyewe wala haipitii bodi ya kaunti.

Wenye stashahada na wenye shahada hawaanzii mahali pamoja. Katika utumishi wa umma, wa stashahada amekuwa akianzia kundi la H na wa shahada kundi la K. Hata hivyo, wenye shahada kwa miaka mingi wametakiwa kwanza kufanya kazi ya uanagenzi kwa mwaka mmoja hospitalini, na uhaba wa fedha umewahi kuwachelewesha kupangiwa vituo. Malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini cha mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024 uliodumu siku 56.

Mlango wa tatu ni hospitali za kidini. Kiambu ina kadhaa zenye sifa, zikiwemo Kijabe na Kikuyu. Huko muuguzi mpya hufanya kazi chini ya wakongwe, na tajriba hiyo humfaa baadaye kokote aendako.

Lakini mlango ulio wazi zaidi, na wenye hatari zaidi, ni kliniki ndogo za kibinafsi zilizo katika kila kichochoro cha mtaa. Nyingi huwapa wauguzi wapya kibarua cha zamu, wanachokiita wenyewe lokamu, kwa malipo ya siku au ya usiku. Kwa aliyekaa nyumbani miezi sita, hiyo ni afueni kubwa. Mikono haisahau kazi na kodi ya nyumba inalipwa.

Hatari ni kwamba katika baadhi ya kliniki hizo muuguzi huachwa peke yake na kutarajiwa kufanya kila kitu. Nchini Marekani kuna wauguzi wa ngazi ya juu wenye mamlaka ya kuchunguza ugonjwa na kuandika dawa, mfumo uliochipuka Colorado mwaka wa 1965. Nchini Kenya sehemu kubwa ya jukumu hilo ni la matabibu, yaani maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo. Muuguzi mpya anayevishwa viatu vya tabibu au daktari ndiye atakayeulizwa maswali mgonjwa akidhurika.

Kwa hivyo, kabla ya kukubali zamu ni vyema athibitishe mambo matatu. Je, kliniki imesajiliwa na kupewa leseni na baraza linalosimamia madaktari na vituo vya afya, KMPDC? Ni nani atakayemsimamia, na anapatikanaje usiku? Ni kazi gani hasa atakayofanya?

La nne ni maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inasema pia kuwa muda wa majaribio usizidi miezi sita, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuuongeza. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huanza kupata ulinzi wa mfanyakazi wa mwezi. Aidha, zamu zisizo na barua yoyote hazitamsaidia muuguzi siku mwajiri mwingine atakapomwomba ushahidi wa tajriba.

Milango hii yote ina ufunguo mmoja, nao ni leseni. Baada ya masomo, mhitimu sharti apite mtihani wa Baraza la Wauguzi Kenya, asajiliwe, kisha apate leseni. Leseni hiyo hufanywa upya, na anayeifanya upya hutakiwa kuonyesha kuwa ameendelea kujifunza. Wanaosubiri kazi wengi huacha leseni iishe muda wakisema wataishughulikia watakapoitwa. Tangazo huja likiwa na siku chache tu za kutuma maombi, nao hujikuta nje. Kufanya kazi ya uuguzi bila leseni ni kosa kisheria, hata kama mwenye kliniki hajauliza.

Kuna pia wanaoelekeza macho ughaibuni. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaruhusu wahudumu wa afya wasio na ajira kwenda kufanya kazi huko. Mwaka huo huo, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alifichua kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Waajiri wengi wa nchi za Ghuba nao huuliza tajriba, jambo linalomrudisha mhitimu kwenye wodi za nyumbani kwanza.

Ni katika kiu hiyo ya kusafiri ambapo matapeli huvuna. Kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Wakala yeyote wa ajira nchini anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Anayedai pesa za kuharakisha barua, iwe ya London au ya Thika, anauza kitu asichokuwa nacho.

Gharama ya kusubiri haimwangukii mhitimu peke yake. Mzazi aliyeuza shamba au ng'ombe kulipa karo husubiri pamoja naye. Mgonjwa wa Ruiru anayepanga foleni tangu asubuhi husubiri vilevile, bila kujua kwamba mtu aliyefunzwa kumhudumia anaishi vituo vichache tu kutoka hapo.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muuguzi mpya anaweza kuinama akakubali kandarasi, zamu za usiku au kaunti ya mbali. Asikubali tu kuipoteza leseni yake wala kumweka mgonjwa hatarini, kwa sababu siku bajeti itakapofunguka, ataulizwa kwanza kuhusu hayo mawili.