Bibi Anasahau: Kabla ya Kununua Vidonge vya Kumbukumbu

Ingia duka lolote kubwa la dawa hapa Muscat, iwe Ruwi, Al Khuwair au Seeb, hutakosa rafu ya vidonge vya ubongo: ginkgo, mafuta ya samaki, vitamini mchanganyiko. Wanunuzi ni mwanafunzi anayekaribia mitihani, na mtu wa makamo ambaye mama yake ameanza kuuliza jambo moja mara tatu.

Tuanze na huyo mama.

Nyumba nyingi zetu zina mzee mwenye kisukari anayetumia metformin. Ni dawa nzuri, wala asiiache bila ya kuambiwa na daktari. Lakini ikitumiwa kwa miaka, hupunguza uwezo wa mwili kunyonya vitamini B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuwa upungufu huu ni wa kawaida na kwamba wawapime wenye dalili. B12 husaidia kutunza utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ikipungua, nyayo hufa ganzi, mwendo huyumba, mtu huchoka ovyo, na kumbukumbu hudorora. Sisi nyumbani tunasema "uzee huo" au "sukari hiyo", tunapita. Kumbe kipimo cha damu kingeonyesha, na sindano au vidonge vya B12 vingemsaidia. Ukichelewa sana, yaliyoharibika hayarudi yote.

Si kila anayesahau ana upungufu huu, lakini huu unatibika, basi uangaliwe mapema. Wala usimpe foliki asidi peke yake kwa kubahatisha: inaweza kuiweka damu sawa huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia kimyakimya.

Na ginkgo? Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000, wengi wao wa miaka 75 na zaidi, nusu wakinywa ginkgo miligramu 240 kwa siku na nusu vidonge bandia. Matokeo yalitolewa mwaka 2008, baada ya kama miaka sita: ginkgo haikupunguza ugonjwa wa kusahau. Tena inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Pesa hizo afadhali uzipeleke soko la samaki la Mutrah.

Pale, nguru ndiye mwenye heshima na bei yake. Dagaa wa bahari, ambao wengine huwapita, ndio wenye mafuta ya omega-3 ambayo ubongo umejengwa nayo kwa sehemu, na B12 ndani yake. Mlo wa samaki mara mbili kwa wiki, mmoja wao awe wa mafuta, unatosha. Watie ndimu, pilipili manga na thomu, uwachome. Kuwakaanga hadi wakauke ni kuwaonea. Mwenye mimba tu ajizuie na papa, hata yule mkavu tunayempenda kwa nazi: papa ni samaki mkubwa na hukusanya zebaki, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto tumboni.

Tukitaja mimba, nchi hii ina la kujivunia. Tangu 1996 Oman inatia madini ya chuma na foliki asidi katika unga wa ngano. Kabla ya hapo, watoto wa mgongo wazi walikuwa zaidi ya 3 kwa kila uzazi 1,000. Kufikia 2006 walishuka chini ya 1. Hata hivyo, anayepanga kubeba mimba huambiwa anywe mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kabla, maana uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, mama mwenyewe pengine hajajua.

Mwanafunzi, kwako ni mafupi: lala, kula asubuhi, na chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma. Msichana anayechoka na kushindwa kusoma apimwe damu kwanza.

Ukimpeleka bibi kliniki, chukua dawa zake zote, hata zile za dukani. Mwambie daktari metformin ameitumia miaka mingapi na kiasi gani kwa siku, halafu uliza: "B12 yake imepimwa lini?"