Panya wa shamba: ADN yao inaweza kutufundisha nini?

Panya anayeingia ndani ya gala la mpunga huko Kasongo na yule anayechimbua karanga huko Kabambare, kwa macho ni mmoja tu. Rangi ile ile, mkia ule ule, hasara ile ile. Lakini je, ni ukoo mmoja kweli? Jicho haliwezi kujibu. ADN inaweza.

Panya anayeharibu mashamba sana Afrika kusini ya Sahara anaitwa na wanasayansi Mastomys natalensis. Jike lake lina matiti mengi, hata 24, na linaweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Ndiyo maana ukiua watano leo, kesho unaona wengine.

Namna ya kuchunguza ni hii: panya anategwa, anakatwa kipande kidogo cha sikio ao cha mkia, kipande kinawekwa ndani ya alkoli, kisha kinapelekwa maabara. Huko wanasoma alama mbalimbali. Kuna alama zinazotoka kwa mama peke yake. Hizo zinaonyesha ukoo wa zamani. Kuna zingine zinazotoka kwa baba na mama. Hizo zinaonyesha nani anazaliana na nani siku hizi. Alama zikiwa za aina nyingi, panya ni wengi na wanachanganyikana. Zikiwa za aina chache, pengine walipungua sana, ama kitu fulani kinawatenga.

Kitu hicho kinaweza kuwa mto. Karibu na Kisangani, watafiti walilinganisha panya wa msitu wa ng'ambo mbili za mto Congo, na mwaka 2011 walitangaza kwamba mto ule mkubwa ni kizuizi kwao. Kwa Maniema ya kusini, njia hiyo ingelinganisha panya wa Samba, magharibi ya Lualaba, na wale wa Kabambare, upande wa mashariki.

Faida yake ni nini kwa mkulima? Ya kwanza ni shamba. Kama alama zinaonyesha kwamba panya wa vijiji jirani wanazaliana, basi mtu mmoja akitega peke yake anajichosha bure: wa jirani watahamia kwake. Inafaa kijiji kizima kitege pamoja, wakati mmoja.

Ya pili ni afya. Homa ya Lassa, iliyogunduliwa Nigeria mwaka 1969, inaletwa na panya huyu huyu, lakini inapatikana Afrika ya Magharibi tu. Kwa nini? Utafiti uliotolewa mwaka 2017 huko Tanzania unasaidia kuelewa. Koo mbili za panya huyu zinakutana katikati ya nchi, na hata zinazaliana. Hata vile, ukoo mmoja unabeba virusi vya Gairo, na mwingine virusi vya Morogoro. Virusi hivyo viwili havijulikani kuuguza watu. Lakini funzo ni kubwa: virusi vinaweza kufuata ukoo, si jina la mnyama.

Kwa hiyo kujua koo za panya ni kujua ugonjwa gani unaweza kufika na gani si rahisi ufike. Kwa sasa, kazi ya nyumbani inabaki ile ile: funika chakula, inua gala juu ya ardhi, usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu, na nawa mikono na sabuni.