Upasuaji wa Kope na Leza ya Uso: Lipi Litangulie, na Lini?

Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Uingereza alitujia nyumbani akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya harusi ya binti yake, itakayofanyika Mombasa mwezi wa Agosti. Ya pili ilikuwa tangazo la kliniki moja ya binafsi, iliyoahidi kumpunguza ngozi ya kope za juu na za chini na kumchubua uso kwa leza, yote katika siku moja, kwa bei nafuu kuliko kufanya kimoja kimoja. Siku aliyopangiwa ilikuwa wiki 3 kabla ya safari.

Mama huyu amepita miaka 60. Ngozi ya kope zake za juu imelegea hata imezifunika nywele za kope, na usiku anapokaa na msahafu huinua kope kwa kidole, la kulia kisha la kushoto. Gari ameacha kuendesha. Binti zake walimwambia, "Mama, maadamu waingia kwa daktari, maliza yote mara moja." Alichotaka kwetu ni kufasiriwa tangazo tu. Tulimfasiria, kisha tukamwomba asitie sahihi mpaka tufuatane naye kwa daktari wa macho. Tuliyoyasikia huko, pamoja na tuliyoyasoma baadaye, twayaleta hapa kwa kuwa hatudhani kwamba yuko peke yake.

Kwanza, mambo haya mawili huchanganywa mno katika matangazo, nayo hayafanani. Kope linaloziba jicho ni dhara. NHS haigharimii upasuaji wa kope kwa ajili ya sura, lakini ngozi ikishuka hadi kuzuia kuona, daktari wa mtaa aweza kumpeleka mgonjwa hospitali akapimwe upana wa kuona kwake. Jamaa zetu wa Marekani wenye bima ya Medicare nao hutakiwa kipimo cha namna hiyo pamoja na picha. Basi asiharakie kutoa akiba yake mtu ambaye pengine anastahiki kutibiwa bila ya malipo. Na kope likianguka kwa ghafla, khasa la upande mmoja, pamoja na kuona vitu viwili viwili, kuumwa sana na kichwa au mkono kulegea, hapo hapana suala la urembo. Aende hospitali saa ile ile.

Masheikh wetu pia hutofautisha kati ya kuondoa dhara na kubadili umbile kwa ajili ya pambo. Hutajwa mara nyingi kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha ikatoa harufu, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kope la mama yetu twaona laingia katika mlango huo bila ya taabu. Mikunjo ya uso ni suala jingine, na sisi si watoa fatwa. Kila mtu amuulize sheikh anayemwamini.

Leza inayojulikana zaidi kwa kazi ya kuchubua uso ni ile ya kaboni dioksaidi, iliyovumbuliwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa Uhindi aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani. Mwale wake humezwa na maji yaliyomo ndani ya ngozi. Maji hayo huchemka mara moja, tabaka la juu la ngozi likapotea kama mvuke, na joto linalobaki huikaza ngozi iliyo chini. Kwa maneno mepesi, ni kuunguzwa kwa kipimo. Ngozi mpya huota kwa wiki 1 hadi 2, na wekundu wake huweza kukaa miezi. Tangu mwaka 2004 imejulikana namna nyingine, inayotoboa vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima baina yake. Hiyo hupona upesi zaidi.

Hayo ni kwa ngozi yoyote. Zetu zina tabia yake. Ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi hujibu jeraha kwa kumwaga rangi. Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard, alianza mwaka 1975 kuzipanga ngozi kwa jinsi zinavyolipokea jua, na leo ngazi hizo ni 6. Wengi wetu tumo kuanzia ya 4 hadi ya 6, ambazo ndizo zenye khatari kubwa ya kuota mabaka meusi baada ya leza. Mabaka hayo kwa kawaida hudhihiri wiki 3 au 4 baadaye, yaani siku zile zile ambazo mama yetu angekuwa amekaa mbele ya wageni Mombasa. Mengi hufifia, lakini kwa miezi mingi. Aliyewahi kupata kovu la kuvimba, hata la kutoga sikio, amwambie daktari kabla ya lolote. Na anayetumia mkorogo aseme pia, ijapokuwa kwa kuona haya, maana dawa hizo mara nyingi zina vitu vinavyoipunguza ngozi unene na kuichelewesha kupona.

Sasa kuhusu kufanya yote siku moja. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Kope za juu hazina mgogoro mkubwa. Khatari iko chini. Daktari akipitia upande wa ndani wa kope, bila ya kukata ngozi kwa nje, wapo wengi wanaokubali leza siku hiyo hiyo. Lakini akiikata ngozi kwa nje, akaiinua na kuipunguza, kisha leza ikapita juu yake, ngozi hiyo hukazwa mara mbili hali damu yake imekwisha kupungua. Kope laweza kuvutwa chini na kupinduka nje, jicho likabaki wazi, likakauka na kutiririka machozi mchana na usiku, na kulirudisha mahali pake huhitaji operesheni nyingine. Kwa ajili hiyo madaktari waangalifu hutanguliza kope, wakangoja miezi kadhaa hadi kovu lilainike, ndipo wazungumzie leza. Daktari tuliyemwendea aliuliza jambo hilo kabla ya jingine lolote: kope za chini zitakatwa kwa njia gani? Tangazo halikusema.

Nyuzi za kope za juu hutolewa baada ya kiasi cha wiki 1, na weusi na uvimbe huhitaji wiki 2 au zaidi. Kwa harusi sisi tungeacha wiki 6. Kwa leza tungehesabu miezi, tena miezi ya baridi ya hapa, wala si kwenda kutua katika jua la Pwani. Mwenye nia ya Hija azidi kujihadhari. Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na katika ihramu mwanamume hafuniki kichwa wala mwanamke havai nikabu. Mwavuli umeruhusiwa, na malhamu ya kukinga jua iwe isiyo na manukato.

Ibada nayo itazamwe mapema. Siku za mwanzo madaktari hukataza kuinamisha kichwa, kwa kuwa damu yaweza kuvuja nyuma ya jicho. Ni nadra, lakini hupofusha. Maumivu makali na kuona kunakofifia ni mambo ya kukimbilia hospitali. Asiyeweza kusujudu huswali kwa ishara. Udhu, katika madhehebu ya Shafi yaliyoenea kwetu, ni kuosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya palipodhurika, na undani wake aulizwe sheikh kabla ya siku ya upasuaji. Ramadhani twaona ni bora iachwe ipite, maana matone ya jicho hayafunguzi katika madhehebu hayo, lakini vidonge hufunguza. Na daktari ajulishwe kila kinachomezwa nyumbani: aspirini, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, hata habasoda.

Mama yetu hakutia sahihi. Daktari wake wa mtaa amemwandikia barua ya kipimo, na harusini atakwenda na kope zake kama zilivyo. Kope za juu zitashughulikiwa atakaporudi. Leza hajaitaja tena, ingawa binti yake mdogo bado anauliza.